Kugonga Ubavu wa Tingatinga

Siku uvumilivu wangu ulipoisha ilikuwa Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, nami niko jikoni kwetu mtaa wa Mbotela nikimenya viazi. Binti yangu Njoki, wa miaka minne, alikuja nyuma yangu, akapiga mlango wa kabati kwa kiganja mara tatu, kisha akapenya kati yangu na jiko la makaa, na juu ya jiko sufuria ya maji inatokota.

"Wewe, unapita wapi?" nikamwuliza.

"Nimegonga," akasema. "Ukigonga unapita."

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Sisi wote hugonga. Tukienda nasari tunagonga ile kubwa ya manjano, halafu tunapita nyuma yake."

Ile kubwa ya manjano lilikuwa tingatinga la saiti yetu ya ujenzi, lenye ndoo mbele na magurudumu yanayonipita mimi kimo. Siku kumi na mbili kabla ya hapo lilikuwa limerudi nyuma likamvunja Mzee Ngotho, mmoja wa vibarua wetu, mguu na nyonga. Yeye pia alikuwa amegonga mara tatu. Niliepua sufuria, nikamwita jirani amshike mtoto, nikaenda kuketi kitandani na hasira zangu, na kwa sehemu kubwa nilijikasirikia mimi mwenyewe. Nitaeleza.

Nawaandikia nyinyi wasichana mnaochukua kazi ya ukarani wa saiti, hasa huyo aliyeketi sasa kwenye kiti changu, ambaye sijamwona lakini nimeambiwa ana mwandiko mzuri. Nimefanya kazi hiyo miaka tisa. Mkiuliza ofisini mtaambiwa nimestaafu, kwa sababu ni neno lisiloleta maswali mengine. Nina miaka ishirini na minane. Pigeni hesabu wenyewe. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vya kwangu vilikuwa vidogo, na vya wakubwa hawakunionyesha.

Nilianza katikati ya miaka ya sabini, nimemaliza kidato cha nne na cheti bado kinanuka karatasi mpya. Kampuni ilikuwa inachimba mitaro ya maji machafu na kutengeneza barabara za ndani huku kwetu, mara Shauri Moyo, mara Jericho, mara nyuma ya Mbotela. Nilifika nimevaa viatu vyeupe vya kanisani. Mtu wa kwanza kunilaki langoni alikuwa Mzee Ngotho, mshika bendera. Bendera yenyewe aliishona kutoka sketi nyekundu ya mkewe na kuifunga kwenye mpini wa fagio. Kazi yake ilikuwa kusimama mahali dereva anaweza kumwona na kumwambia kwa bendera rudi, simama, ngoja kuna mtu.

"Wewe ndiye karani?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Hivyo viatu utavizika leo. Haya, kabla hujajua jina la mtu yeyote hapa, jua kugonga."

Akanipeleka kwenye tingatinga la zamani, chakavu, lisilo na paa wala mlango. Dereva wake alikuwa Musyoka, mtu wa Machakos, mpole, ambaye saa ya chakula huchonga miiko kwa kisu kidogo. Mzee Ngotho akanionyesha. Unagonga ubavu wa mashine mara tatu, kwa sepetu au kwa jiwe, pa, pa, pa, bila haraka. Dereva akisikia anainua mkono. Ukiuona mkono, unapita. Usipouona, unasimama hapo hata kama mvua inanyesha.

"Na asipoinua kabisa?"

"Basi zunguka mbele. Miguu ni yako."

Musyoka alikuwa akisikia kila kitu kutoka kwenye kiti kile cha wazi. Alisikia hata umbea. Mara nyingi tukimteta kando ya mtaro alizima injini akasema, "Endeleeni, msiniache njiani." Kwa hiyo hatukuwa na shaka na masikio yake, wala na njia yetu. Miaka minane hivi tulifanya kazi kwa kugonga na bendera, na mashine haikumgusa mtu. Visa vilikuwepo. Kijana mmoja wa Shauri Moyo alijilaza kwenye kivuli cha ndoo saa ya chakula akasinzia. Mzee Ngotho akamvuta kwa miguu.

"Buda, niache bana. Hiki kivuli si chako."

"Ni cha chuma," Mzee akamwambia, "na chuma kina dereva, na dereva amemaliza ugali wake."

Kijana aliamka akitukana, akaona ndoo ikiinuka, akanyamaza. Kesho yake alimletea Mzee sigara mbili.

Vyombo vyangu mimi vilikuwa daftari la mahudhurio, kalamu ya wino, saa ya mezani inayochelewa, na kitabu cha ajali chenye jalada jeusi. Kofia ngumu zilikuwa sita, na zote zilikaa kwenye rafu ofisini zikisubiri wageni. Kibarua mpya akija asubuhi ni mimi niliyemwandika jina, na ni mimi niliyemwambia sheria. Mwanzoni niliisema yote: gonga mara tatu, ngoja mkono, upite. Lakini watu ni wengi, mstari mrefu, mtoto nyumbani ana homa. Polepole nikaifupisha. Nikawa nasema, "Gonga mara tatu ndipo upite. Anayefuata." Sikuona kwamba nimeacha kitu. Wao pia hawakuona, kwa sababu Musyoka alikuwa akiwasikia, na mambo yalikwenda sawa.

Tulipohamia nyuma ya Mbotela, vitu viwili vilifika wiki moja: fomeni mpya wa kutusimamia, na tingatinga jipya. Sikuvipenda vyote viwili, na sababu zangu ni hizi. Fomeni alipenda kuuliza mtu ana watoto wangapi kabla ya kumwuliza jina. Na tingatinga lilikuja na chumba cha dereva kilichofungwa kwa vioo pande zote, mlango wenye mpira pembeni usiopitisha vumbi, na kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma, upande wa kulia. Upande wa kushoto palikuwa na mkono wa chuma tu, bila kioo. Nikamwuliza fomeni kioo kiko wapi.

"Kiko njiani."

Kilikuwa njiani mpaka nilipoondoka. Mashine mpya kabisa, imetoka kiwandani, inafika na kioo kimoja? Mtu alikitoa, au alijua hakipo akatia sahihi kimepokelewa. Mimi ndiye karani na karatasi ya kuipokea mashine hiyo sikuiona kamwe.

Siku hiyo hiyo fomeni alimwita Mzee Ngotho. "Mashine hii ina vioo," akamwambia. "Bendera ni ya zamani." Akampa sepetu, akamweka na wachimbaji. Mzee alikuwa na umri wa kuwa baba yake. Alikunja kile kitambaa akakitia mfukoni, akawa anafutia jasho.

Musyoka naye alifungua mlango wa kile chumba akaniita. "Karani, njoo uone. Humu ndani ni kama kanisa siku ya Jumatatu." Tulicheka. Nilidhani anajivunia kiti.

Saiti hiyo ilikata njia ya watu. Wanawake wanaokwenda soko la Jericho na watoto wa nasari walikuwa wakipita pale tangu estate yetu ya Mbotela ijengwe. Kampuni ilizungushia mabati upande wa barabara, ambako gari la meneja linapita. Upande wetu sisi hapakuwa na hata kamba. Nilipotaja hilo niliambiwa watu wa estate wana macho. Ndiyo, wanayo. Nao waliona vibarua wanavyopita, wakaiga. Mama mzima na kikapu chake kichwani anapiga ubavu wa mashine kwa kiganja anapita, na mtoto anaona.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mama Kavata, anayetuuzia uji na mandazi, alikuwa ameweka ndoo yake nyuma ya rundo la udongo. Mimi niko dirishani nikijumlisha mahudhurio. Nilimwona Mzee Ngotho akitoka mtaroni na kikombe cha bati mkono mmoja na sepetu mkono mwingine. Alipofika kwenye tingatinga aligonga. Nilimsikia juu ya kelele za injini kwa sababu nilikuwa nje ya kile chumba, na kwa sababu miaka yote hiyo nilijua mdundo wake wa kugonga: mara tatu, hana haraka. Akapita. Mkono hakuungoja, maana tangu mashine mpya ije hakuna aliyeuona nyuma ya vile vioo. Mashine ikarudi.

Mama Kavata ndiye aliyepiga kelele. Musyoka hakumsikia. Alisimama alipoona vijana mbele yake wakipunga mikono. Akashuka mbio akiuliza, "Nani? Ni nani?" kisha akazunguka akaona mwenyewe. Tulimbeba Mzee juu ya mlango wa stoo, akapelekwa hospitali kwa pikapu ya kampuni. Kikombe kilibaki pale, na uji haukuwa umeingia.

Sasa angalieni yaliyofuata, maana hapo ndipo karani anajifunza kazi. Kabla ya saa sita, fomeni alikuwa amechukua kitabu cha ajali kutoka kwenye droo yangu. Saa nane makenika alikuwa akiliosha tingatinga kwa sabuni. Halijawahi kuoshwa katikati ya wiki. Kile kioo cha kulia kilipanguswa mpaka kikang'aa. Na vijana wanne waliokuwa karibu walihamishiwa saiti nyingine kabla ya siku kuisha, ghafla, eti kuna kazi nyingi huko. Saa kumi fomeni akaniita, akakiweka kitabu mezani.

"Andika. Majeruhi alipita nyuma ya mashine bila kugonga."

"Aligonga. Nilimsikia."

"Wewe ulimsikia. Dereva alimsikia?"

"Sijui."

"Hakumsikia. Nimemwuliza. Kama dereva hakusikia, basi hakugonga. Kugonga ni kusikika." Akanisogezea kalamu. "Una mtoto mmoja, au ni wawili?"

Niliandika. Sitawaficha na sitatafuta maneno ya kuzunguka. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu, na niliandika hakugonga, kwa mwandiko ule ule ninaosifiwa nao, nikatia sahihi. Kwa kuandika hivyo mambo yaliisha kwa kampuni. Kama mzee alikosea, mashine haikukosea. Kesho yake asubuhi ilikuwa inafanya kazi pale pale, njia iko wazi, na watoto wanapita.

Wiki hiyo nilimshuku kila mtu. Nilimshuku makenika kwa sababu ya sabuni. Musyoka nilimshuku zaidi, kwa sababu alikuwa haniangalii usoni tena, wala hachongi. Mawazo yangu yalikuwa haya: alisikia, akapuuza, akamwacha Mzee abebe lawama. Mtu aliyekuwa akitusikia tukimteta kando ya mtaro, leo asisikie sepetu?

Nilikwenda kumwona Mzee Ngotho hospitalini na machungwa. Alikuwa amelala mguu umefungwa juu.

"Mzee, uligonga. Mimi nilikusikia."

"Niligonga," akasema, "lakini labda niligonga vibaya. Mikono imezeeka, mama. Zamani ningegonga akasikia."

"Hakuna kugonga vibaya."

"Kuna kijana wa kampuni alikuja na karatasi, nikaweka kidole gumba. Alinisomea inasema sikugonga. Nikamwambia hapana. Akasema hata karani ameandika hivyo." Akanitazama bila ubaya wowote. "Nikafikiri, kama Mama Njoki ameandika, basi ni mimi nimesahau."

Nilimenya chungwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na Jumapili iliyofuata ndipo Njoki alipogonga kabati.

Jumatatu saa saba, fomeni alipokwenda kula, nilimfuata Musyoka.

"Nataka kupanda humo."

"Na hiyo sketi, karani?"

"Sketi ni yangu. Washa injini, nifungie mlango, halafu nenda nyuma ugonge."

Akawasha. Nikaketi kwenye kile kiti, mlango ukafungwa. Nikasubiri. Injini ilikuwa ikinguruma chini ya miguu, na feni ikipuliza usoni. Nilimsubiri aanze. Baadaye mlango ukafunguliwa.

"Umesikia?" akauliza.

"Bado hujagonga."

"Nimegonga mara sita. Tatu kwa sepetu, tatu kwa nyundo."

Nikamwambia arudi kule nyuma, na Mama Kavata asimame naye. Nikageuka. Kupitia kioo cha nyuma niliona mgongo wa mashine, mpana kama meza, na baada yake paa za Mbotela. Musyoka hakuwepo. Mama Kavata hakuwepo. Kwenye kile kioo kimoja cha kulia niliona gurudumu na kipande cha tope. Upande wa kushoto sikuona kitu, maana hapana kioo. Nikafungua mlango nikapaza sauti Mama Kavata arudi nyuma hatua moja moja mpaka nikione kitambaa chake cha kichwa. Kilionekana hatua ya kumi na moja. Kisha nikamwambia achuchumae, awe kimo cha mtoto, aendelee kurudi.

"Mpaka wapi, Mama Njoki?" akalalamika. "Nirudi mpaka Machakos kwa kuchuchumaa?"

Alifika kwenye ukuta wa choo cha estate na bado sikumwona. Njia ya nasari iko upande wangu wa ukuta huo.

Nilishuka. Musyoka alikuwa ameshika sepetu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuambia. Nilikuita nikakuambia humu ndani ni kama kanisa. Ukacheka."

"Nilidhani unajisifu."

"Nijisifu kwa nini? Mimi ni mtu wa kusikia. Fomeni nilimweleza wazi: hawa watu wanagonga na mimi sisikii, na mkono nikiuinua hawauoni kwa vumbi la kioo. Akasema, wewe rudi, wao watagonga. Nikasema nirudishiwe Mzee na bendera yake. Akaniuliza nina watoto wangapi."

Basi nikaelewa jinsi tulivyofika hapo. Tulileta desturi ya mashine isiyo na paa tukaitumia kwenye mashine iliyofungwa. Tuliogonga tulifikiri tunasikika, na aliyekuwa ndani alijua hasikii. Fomeni alijua pande zote mbili. Na kila asubuhi kulikuwa na mtu mezani akiwaambia vibarua wapya, gonga mara tatu ndipo upite, anayefuata.

"Nitaandika malalamiko," nikamwambia Musyoka. "Nitahitaji sahihi yako."

Alichokora udongo kwa ncha ya sepetu. "Wakinifukuza, wewe utanipa kazi?"

"Siwezi."

"Angalau husemi uongo." Akafikiri. "Jina langu nitaweka. Lakini weka kwanza la kwako. Si chini pale kwenye sahihi. Ndani, pamoja na makosa. Ile karatasi iliyoko kwenye kitabu cheusi inasema mimi nilifanya sawa na Mzee akakosea, na imeandikwa na wewe."

Niliona hasira ikinipanda, kisha nikaona hana kosa. Mama Kavata alikuwa amejinyoosha mgongo, akasema yeye hajui kuandika ila kidole anacho, na asomewe kwanza yote.

Jioni hiyo nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia kina mama. Sikuhubiri. Niliwaambia tu nilichokiona kwenye kile kiti. Kabla jua halijazama, walikuwa wamefungua kamba zao za kuanikia nguo na kuzifunga kutoka ukuta wa choo hadi nguzo ya taa, kamba nane au tisa, rangi mbalimbali, kukata ile njia. Asubuhi fomeni alizikata kwa panga. Walizifunga tena.

Niliyaandika malalamiko usiku kwa Kiswahili, nakala tatu, kwa mkono. Alfajiri Musyoka akatia sahihi na Mama Kavata akaweka kidole. Jumanne sikwenda saiti. Nilikwenda ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka karibu saa tano. Afisa aliyenipokea alikuwa mzee kidogo, miwani imefungwa kwa uzi.

"Mama, fomu zetu ni za Kiingereza."

"Najua Kiingereza. Waliotia sahihi hawakijui, na mmoja wetu ameshawekeshwa kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma."

Alisoma polepole. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena kipande kimoja, akavua miwani.

"Huyu karani unayemtaja hapa, aliyeandika uongo kwenye kitabu cha ajali. Ni nani?"

"Ni mimi."

"Unajilalamikia mwenyewe?"

"Ninalalamikia kilichofanyika. Mimi nilikuwepo."

"Mama, hiki kifungu kitakudhuru. Kitoe, mengine yanatosha."

"Kikitoka, kile kitabu kitabaki kikisema mzee hakugonga. Mtakuja kukagua, mtaonyeshwa kitabu, mtarudi."

Aliinamisha kichwa kidogo kama mtu aliyewahi kuonyeshwa vitabu vingi. Akagonga mhuri kwenye nakala zote tatu, akanirudishia moja. Ninayo; kazi sinayo tena. Wewe uliye kwenye kiti changu, usiliamini neno langu tu. Panda humo, funga mlango, mwambie mtu agonge. Malalamiko yenyewe ndiyo haya, kama yalivyopokelewa:

Kwa Mkaguzi.

Kuhusu tingatinga lililoko saiti ya mitaro nyuma ya Mbotela.

Mimi ni karani wa saiti hiyo na mkazi wa hapo. Ninalalamika kwamba tingatinga hilo linarudi nyuma mahali ambapo watu wanafanya kazi na watoto wanapita, na dereva wake hawezi kuona wala kusikia kilicho nyuma yake. Hili si kosa la dereva. Nimeketi kwenye kiti chake mlango ukiwa umefungwa na injini inawaka, nikagongewa mara sita kwa sepetu na nyundo, sikusikia hata moja. Mtu mzima aliyesimama nyuma sikumwona mpaka aliporudi hatua kumi na moja. Mtu wa kimo cha mtoto sikumwona kabisa. Kioo cha kushoto hakipo tangu mashine ifike.

Kampuni ilimwondoa mshika bendera mashine hii ilipokuja. Dereva aliomba arudishwe, akakataliwa. Fomeni aliambiwa kwamba kugonga hakusikiki, akaagiza kazi iendelee.

Ninaomba mashine isimamishwe leo, si baada ya ukaguzi. Ninaomba isirudi kazini bila mshika bendera anayeonekana na dereva, bila vioo vyote viwili, na bila ua upande wa estate kama ulivyo upande wa barabara. Ninaomba vibarua na wakazi waambiwe waziwazi waache kugonga.

Kitabu cha ajali kinasema Bwana Ngotho alipita bila kugonga. Maneno hayo ni ya uongo. Yaliamriwa na fomeni, na yaliandikwa na mimi, nikijua ni ya uongo. Bwana Ngotho aligonga mara tatu, nami nilimsikia. Alifanya kama sisi sote tulivyokuwa tukifanya. Vibarua wengine wa saiti hiyo, na kupitia wao watoto wa estate akiwemo wangu, walifundishwa kugonga na mimi.

Naweka sahihi yangu hapa mbele ya Musyoka, dereva, aliyetia sahihi yake, na Mama Kavata, muuza uji, aliyesomewa yote mara mbili akaweka kidole.

Karani wa saiti, Mama Njoki.